Pengo la Tetsuzan

"Tsurue, huyo mbwa wako siku hizi unamnywesha pombe?"

Ndivyo jirani alivyomuuliza Momose Tsurue mwezi wa Januari, akiwa upande wake wa ua na koleo la theluji mkononi. Aliuliza kwa utani wa majirani, hakuwa na ubaya. Anzu, jike wa miezi sita, alikuwa akikatiza uani miguu ya mbele ikienda mji wa Suwa na ya nyuma ikienda mji wa Ina, kama mzee anayetoka harusini. Tsurue akacheka. Kicheko hicho, alimwambia Ushiyama Kinuyo miezi kumi baadaye, hajajisamehe kwacho mpaka leo.

Kinuyo aliliandika swali la jirani kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake, pamoja na mwezi. Wengine walioisikiliza kesi ile waliliruka, wakaliona porojo za uani. Yeye alijua kwamba ugonjwa ule wa ubongo una miadi yake na hauchelewi. Mtoto wa mbwa anazaliwa mzima, anakula, anacheza, na akifika mwezi wa tano au wa sita anaanza kuyumba. Kisha kichwa kinatetemeka, macho yanazima, na hafikishi mwaka na nusu. Dawa hakuna. Anzu alikufa Septemba, kipofu, akilishwa uji wa mchele kwa kijiko mapajani mwa Tsurue, na maabara ikathibitisha kwamba ndio wenyewe.

Ugonjwa huo hauambukizwi, unarithiwa, na haumpati mtoto mpaka baba na mama wote wawili wawe wanaubeba. Mbebaji mwenyewe haumwi. Anaishi na kuzaa kama kawaida. Ndiyo maana wafugaji wa shiba, mbwa wadogo wa asili ya Japani, wa bonde lile walikuwa wamekubaliana: kila dume wa mbegu asuguliwe ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba, kijiti kiende maabara, na cheti kikisema dume ni safi, basi jike yeyote apandishwe kwake bila hofu. Mzazi mmoja akiwa safi, mtoto hafi.

Tetsuzan, dume wa mzee Karasawa Tokuji, alikuwa na cheti safi. Tsurue alimpeleka jike wake Kiku kwa Tetsuzan, Kiku akazaa watatu, na mmoja wa hao watatu akafa kwa ugonjwa ambao usingewezekana. Kwa hiyo mmoja kati ya wawili alikuwa mwongo: cheti, au Tsurue.

Karasawa, makamu mwenyekiti wa chama cha wafugaji hao, alisema ni Tsurue. Alidai Kiku alitoroka akiwa kwenye joto, akapandwa na mbwa mwingine, na Tsurue akafunga mdomo ili watoto wabaki na jina la Tetsuzan. Maabara ikamuunga mkono. Kijiti kilichobaki kwenye jokofu, chenye jina la Tetsuzan, kilipolinganishwa na damu ya Anzu, jibu lilirudi: huyu si baba. Tetsuzan mwenyewe asingeweza kupimwa tena. Aligongwa na lori la mbao mwezi wa Agosti, akachomwa kama ilivyo desturi, na majivu ya kichomeo hayana la kumwambia mtu.

Jumapili kamati ilikuwa inakaa. Jina la Momose, lililokuwa ndani ya kitabu cha ukoo tangu enzi za baba mkwe wake Tsurue, lingefutwa kwa udanganyifu, na Kiku na wanawe pamoja nalo. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Kinuyo alikuwa sajenti wa polisi miaka ishirini na tisa kabla ya kustaafu na kufiwa na mume, vyote katika mwaka mmoja. Chama kilimtaka afanye uchunguzi kwa sababu hakuwa na mbwa, na asiye na mbwa hana upande. Alfajiri alifukiza ubani mbele ya picha ya mumewe, akasali, akavaa soksi mbili mbili kwa baridi, akashuka barabara ya chini.

Alianza na alichosema Karasawa. Neno la mkubwa ndilo watu huogopa kulikagua.

Kutoroka kulikuwa kweli. Muuza tofu alimwona Kiku bila kamba, tena ndiye aliyemshika. Kinuyo alimkuta akikamua maharage ya soya yaliyochemshwa, mvuke ukimfunika mpaka kifuani.

"Mbwa wa shiba, mama, ukimwita anakutazama kama karani wa ofisi," mzee alisema. "Leo hapana, njoo kesho. Yule nilimpata kwa kuwa alikuja mwenyewe kunusa ndoo ya makapi."

Nyuma ya duka dume wa kahawia, nusu shiba nusu haijulikani, alikuwa amelala juani. Kinuyo akamtazama, kisha akamtazama mzee. Mzee akacheka mpaka akafuta macho. Alisema huyo alihasiwa tangu ana mwaka mmoja, na kama sajenti haamini, amwinue mkia ajionee. Kinuyo alikwenda akamwinua mkia akajionea, kwa sababu ndiyo kazi. Kisha akaomba tarehe. Mzee alikuwa nayo kwenye kalenda ya ukutani, maana asubuhi ile alichelewesha tofu za shule: tarehe ishirini na nane, mwezi wa tano.

Kinuyo akahesabu akiwa amesimama palepale. Kiku alipandishwa kwa Tetsuzan tarehe kumi na mbili Mei. Mimba ya mbwa ni siku sitini na tatu, ongeza mbili, punguza mbili. Watoto walizaliwa tarehe kumi na nne Julai. Kama mimba ingekuwa ya siku ile ya kutoroka, wangezaliwa mwisho wa mwezi. Kutoroka kulikuwa kweli, na hakukuwa na uhusiano wowote.

Basi hadithi ya Karasawa ikabaki na mguu mmoja, ule wa maabara. Kinuyo akapiga simu huko akaomba asomewe jibu lote mpaka chini. Mtaalamu, mwanamke mwenye sauti ya mafua, alimsomea. Mwishoni kulikuwa na mstari ambao kamati haikuusoma kwa sauti: mwenye kijiti hiki si baba wa mtoto, ila ni ndugu wa karibu mno.

"Karibu kiasi gani?" Kinuyo aliuliza.

"Kama si baba, dada yangu, basi ni baba mdogo."

Karasawa alikuwa ameambiwa hilo, akajibu kwamba baada ya vita shiba waliobaki walikuwa wa kuhesabika, na bondeni wote ni ndugu. Kweli iliyowekwa mahali pasipo pake hufanya kazi nzuri kuliko uongo. Lakini Tetsuzan alikuwa na ndugu wa tumbo moja. Roku, mwekundu kama yeye, kimo kimoja, miaka yote alilala kwenye banda la nyuma bila kupelekwa maonyeshoni. Ndugu wa tumbo moja mmoja hurithi ubovu na mwingine akaukosa. Hilo halina upendeleo. Kumsugua Roku shavu kungemaliza kesi kwa siku tatu. Ila Roku alikuwa amegawiwa kwa jamaa wa Kyushu mwezi wa Oktoba, wiki mbili baada ya Tsurue kuandika malalamiko, na Karasawa alisema anwani ya jamaa huyo imempotea.

Ilibaki njia moja tu ya damu: watoto wengine wa Tetsuzan. Akionekana mbebaji kati yao ambaye mama yake ni safi, hakuna pengine alipoupata ila kwa baba. Kinuyo aligonga milango kumi na minne kutwa nzima. Alikaribishwa chai katika yote kumi na minne. Mmoja alisema mbwa wake ana haya. Mwingine alisema mkewe hapendi pamba. Mama mmoja wa Miyada, mwenye majike wawili wa damu ya Tetsuzan na mmoja tayari ana mimba, hakutafuta kisingizio.

"Nikijua, itabidi niseme," alisema. "Acha nisijue."

Kinuyo aliandika jina lake na maneno yake, akashukuru kwa chai.

Ijumaa asubuhi alifika kwa Daktari Hirabayashi, daktari wa mifugo aliyechukua kijiti kile mwezi wa Februari mwaka uliopita. Hirabayashi alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye kucha safi na kadi zilizopangwa kwa rangi. Akaitoa ya Tetsuzan bila kutafuta. Iliandikwa: dume, mwekundu, miaka mitano, ameletwa na mwenyewe na mkewe, mke ameshika. Shavu la kulia limesuguliwa mara mbili. Na chini, kwa mwandiko uleule: meno kamili, arobaini na mbili.

Kinuyo alitaka kujua kilichomfanya aandike habari ya meno kwenye kadi ya shavu.

Daktari alisema yeye alisugua tu. Mzee Karasawa ndiye aliyefunua midomo ya mbwa, akahesabu kwa sauti jino moja baada ya jingine, juu kisha chini, akamwambia aandike. Daktari aliona ni majivuno ya mfugaji tu, akaandika. Kidude cha namba chini ya ngozi mbwa yule hakuwa nacho. Sheria yake ilikuwa bado.

"Ulijuaje ni Tetsuzan?"

"Alisema ni Tetsuzan." Masikio ya daktari yalikuwa mekundu. "Mama, mzee yule ndiye aliyenifundisha kushika mbwa nikiwa mwanafunzi. Ningemwambiaje, hebu thibitisha huyu ni nani?"

Kutoka hapo Kinuyo alikwenda chumba cha chama, juu ya ghala la ushirika, akaomba kitabu cha maonyesho ya machipuko ya mwaka ule wa nyuma zaidi, miezi kumi kabla ya kijiti. Watu wote wa bonde walikumbuka kwamba Tetsuzan alipata nafasi ya pili siku ile, na wote walikumbuka sababu kama Karasawa alivyoitangaza: jaji ana wivu. Kitabu kilikumbuka vingine. Jaji, aliyefunua midomo ya kila mbwa na kuhesabu kwa kidole kama ilivyo kanuni, alikuwa ameandika: pengo moja, chini kushoto, jino dogo la kwanza nyuma ya chonge. Halikuota kamwe.

Kinuyo aliusoma mstari huo mara tatu. Jino lililopo laweza kung'oka. Lisilokuwepo kwa mbwa mzima haliji likaota katika mwaka wake wa tano.

Mtu mwingine angepeleka mbwa mbadala akakaa kimya. Lakini mfugaji aliyekosa nafasi ya kwanza kwa jino moja alijikuta mbele ya mdomo uliokamilika, mbele ya mtu mwenye kalamu, na pale mezani jina lililoandikwa lilikuwa Tetsuzan. Hakuweza kujizuia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba mara nyingi kifo chenyewe ni cha mwingine.

Mwenyekiti wa chama alizitazama zile karatasi mbili kwa muda mrefu, kisha akazirudisha kana kwamba zinamuunguza. Alisema hazitoshi. Daktari anaweza kukosea kuandika, jaji anaweza kukosea kuhesabu, na Karasawa ana miaka thelathini na moja ndani ya chama. Kinuyo alete mtu aliyeona. Na walioona walikuwa watatu: daktari, asiyeweza kuwatofautisha mbwa wale wawili, Karasawa, na mkewe, aliyeshika.

Saa tisa alasiri Kinuyo alipiga hodi kwa Karasawa. Chini ya upenu matunda ya kaki yaliyomenywa yalikuwa yamening'inizwa kwenye nyuzi yakikauka. Miaka yote Fusae, mke wa Karasawa, aliyasuka matunda yale pamoja na Tsurue. Walisoma darasa moja, wakaolewa kijiji kimoja. Mwaka huu alikuwa ameyasuka peke yake, na nyuzi zilikuwa zimepinda.

Waliketi kwenye meza ya chini yenye joto, blanketi magotini. Fusae alimimina chai, akaweka sahani ya majani ya figili ya chumvi, akarudi kukaa karibu na mlango wa jiko. Karasawa alikuwa mtu mkavu, mwenye mikono mikubwa, na alimwita Kinuyo sajenti kwa namna iliyomkumbusha kwamba si sajenti tena. Aliuliza kama muuza tofu amemwonyesha mkia wa mbwa. Bonde lile halina siri ya saa ishirini na nne.

Kinuyo akaweka karatasi mezani, ya jaji kushoto, ya daktari kulia, akageuza ili azisome. Karasawa alivaa miwani. Alisoma. Alipomaliza alichukua jani la figili akalitafuna polepole.

"Daktari kaandika vibaya."

"Anasema wewe ndiye uliyehesabu, mzee. Kwa sauti."

Fusae alikuja akajaza vikombe ambavyo havikuwa vimepungua, akarudi mlangoni.

Hapo Karasawa akaanza kusema, na alisema kwa muda, bila kukiri na bila kukana. Alisema Tetsuzan alizaa watoto arobaini. Alisema mtu akisimama Jumapili akatamka kwamba Tetsuzan alibeba ubovu, wale arobaini wanakuwa takataka kabla ya chakula cha mchana, wazima na wabovu pamoja. Alimuuliza Kinuyo kama wale kumi na wanne walimshukuru kwa kugonga milango yao.

"Damu hii nimeijenga mbwa kwa mbwa," alisema. "Momose ana jike mmoja. Mmoja. Akifutwa, atalima kabichi zake, maisha yataendelea."

"Kuna jike Miyada ana mimba," Kinuyo alisema. "Damu ya Tetsuzan. Unajua alipandishwa kwa nani?"

Karasawa alijua. Ilionekana alivyoitazama chai yake.

"Kwa mjukuu wa Tetsuzan. Kwa kuamini cheti chako. Watoto wakizaliwa, wapo watakaoanza kuyumba wakifika miezi sita. Na wewe utasema nao walitoroka."

Karasawa akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Alipoinua uso alikuwa amepata njia nyingine, na Kinuyo aliiona ikija, kama alivyoziona nyingi vituoni.

"Siku ile aliyemfungua mbwa bandani ni Fusae," alisema. "Mimi nilikuwa sijapasuliwa mtoto wa jicho, nilikuwa naona ukungu. Wale wawili wanafanana. Kama alimtoa Roku akidhani ni Tetsuzan, amekosea yeye. Mimi nilihesabu meno kwa kidole."

"Kwa kidole."

"Kwa kidole."

"Basi kidole chako, mzee, kilipita mahali palipokuwa na pengo miaka mitano, kikakuta jino, na hakikushtuka."

Jikoni birika lilikuwa likichemka na hakuna aliyekwenda kuliondoa. Karasawa alimgeukia mkewe. Hakumkaripia, alisema kwa sauti ya chini, karibu ya upole, kama mtu anayempa mwenzake upande mwepesi wa mzigo.

"Mwambie, mama. Sema ulimchanganya. Watu hukosea, hakuna atakayekufunga. Sema tu, yaishe."

Kinuyo akafungua ukurasa mpya wa daftari, akaweka kalamu juu yake.

Fusae alikaa kidogo mikono ikiwa mapajani. Kila siku ya Mungu, miaka mitano, ndiye aliyewapikia mbwa wale wawili, akawang'oa kupe, akawafuta miguu. Kisha akanyanyuka. Aliingia chumba cha pili, penye madhabahu ya wazee wa nyumba, na mlango ukiwa wazi wakamwona akipiga magoti mbele ya picha za baba mkwe na mama mkwe wake, akainamisha kichwa. Akavuta droo ya chini, ile watu wanamoweka hati za ardhi na karatasi za maziko. Akatoa bahasha.

"Fusae," alisema Karasawa.

Alirudi nayo kwa mikono miwili. Akaiweka katikati ya zile karatasi mbili, akaigeuza ili maandishi yamtazame mgeni, kama anavyogeuziwa mgeni sahani. Kinuyo aliifungua. Ilitoka maabara nyingine, ya mji wa mbali, tarehe kumi na tisa Januari, wiki tatu kabla ya kijiti cha Daktari Hirabayashi. Aliyetuma sampuli: Karasawa Tokuji. Mbwa: Tetsuzan. Jibu lilikuwa neno moja, nalo lilikuwa mbebaji.

Kinuyo alipoinua macho, Karasawa alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yake mikubwa, na alikuwa akimtazama mkewe, si karatasi. Aliita jina lake tena. Fusae alikuwa amefungua aproni, akaikunja mara nne, akaiacha juu ya kizingiti. Alishuka, akavaa viatu vya shambani vilivyokuwa karibu, akasukuma mlango, akautelezesha nyuma yake mpaka mwisho, taratibu, bila kuubamiza. Walisikia hatua zake zikipita chini ya upenu, zikashika njia ya kushuka kwa Momose.